Kitabu Kilichotunyamazisha

Riwaya ya kwanza niliyoishika mikononi ilinuka samaki. Si samaki wabichi, bali wale wa kukaushwa kwa moshi wanaoletwa Élisabethville, mji wetu wa shaba, kutoka mto Luapula, ambao harufu yao ikishaingia katika kitambaa au karatasi haitoki hata ukianika juani wiki nzima. Kitabu chenyewe hakikuwa na kosa. Kilikuwa kimelala nyumbani kwa rafiki yangu Bibiana, na katika msimu ule wa mvua mahali pekee pakavu katika nyumba yao palikuwa juu ya uchaga wa jikoni, pale mama yake wa kambo, Mama Kapinga, alipoweka bidhaa yake ya sokoni. Kwa hiyo mpaka leo, nikipita karibu na wauza samaki, sifikirii chakula. Namfikiria msichana mmoja wa Ulaya aitwaye Klara, mwenye umri wa miaka kumi na mitano, ambaye hakuwahi kuishi popote isipokuwa katika kurasa za kitabu kile, na ambaye kwa majuma kadhaa aliusumbua mtaa wetu kuliko msichana yeyote mwenye damu.

Tulikaa katika cité, yaani mtaa wa Waafrika, katika safu ya nyumba za matofali zilizofanana hivi kwamba wageni waligonga mlango usio wao na kukaribishwa hivyo hivyo. Baba yangu alifanya kazi katika karakana ya reli. Watu wake walikuwa wametoka kaskazini mwa Katanga. Majirani zetu wengi walikuwa wametoka Kasai, na jioni ungeweza kusikia lugha tatu zikigombana juu ya ukuta mmoja kwa sababu ya kuku aliyepotea. Mvua za Novemba zilipoanza, vumbi jekundu liligeuka tope jekundu, moshi wa kiwanda cha shaba ulishuka chini ukakaa mlangoni kama mtu anayesubiri kuitwa, na wanawake walipita na mabeseni ya uyoga vichwani wakiita wateja. Shule yetu ya wasichana ilikuwa ya masista. Ilikuwa na baraza refu lililoezekwa kwa bati, na mvua ilipopiga bati lile hata Mama Mkuu wa masista, ambaye sote tulimwita Mamère, aliacha kusema akangoja.

Mwalimu wetu alikuwa Madamu Veronika, mmoja wa wanawake wa kwanza wa mtaa wetu kufundisha darasa la juu. Alikuwa mfupi, alitembea haraka, na alikuwa na tabia ya kukuuliza swali huku akiangalia dirishani ili usione aibu ukikosea. Yeye ndiye aliyeomba rafu ya vitabu vya hadithi darasani. Vingi vilikuwa maisha ya watakatifu na hadithi za wanyama wenye adabu njema, lakini katika sanduku moja lililofika kutoka Ubelgiji ilikuwamo riwaya ya Klara, nakala moja tu, na Madamu akaiweka pamoja na vingine. Tulipokezana. Aliyemaliza alimpa anayefuata, na anayefuata alikwisha kumsumbua yule wa kwanza siku nyingi akimuuliza amefika wapi.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Mama yake Klara alikuwa amefariki. Baba yake, fundi wa saa katika mji mdogo wenye baridi, alioa mke mwingine kabla mwaka haujaisha. Klara hakupiga kelele wala hakuvunja vyombo. Aliacha kusema. Alipika, alifagia, aliitika kwa kichwa, lakini kinywa chake alikifunga, na kurasa nyingi za kitabu zilikuwa zile alizokaa peke yake katika chumba kidogo chini ya paa, akimwambia msomaji mambo yote ambayo hakumwambia mtu nyumbani. Hilo ndilo lililotushika. Hatukuwa tumewahi kukutana na msichana wa umri wetu katika kitabu ambaye alikuwa na hasira na hakuadhibiwa ukurasa unaofuata. Katika vitabu vingine msichana mwenye hasira aliumwa na nyoka.

Bibiana alikuwa wa kwanza kunyamaza. Mama yake alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na Mama Kapinga alikuwa ameingia katika nyumba ile na vikapu vyake, nyimbo zake na sauti yake ambayo ilikuwa inafika kwetu, nyumba ya nne. Hakuwa mtu mbaya. Nadhani kosa lake kubwa machoni pa Bibiana lilikuwa kuchangamka. Bibiana alimaliza kitabu siku ya Jumatatu, na Jumanne akaacha kusema naye. Aliamka, akachota maji, akapiga magoti kama kawaida kumkabidhi baba yake kikombe, lakini kwa Mama Kapinga hakutoa neno hata moja. Kwetu jambo hili ni zito kuliko matusi. Mtoto anayetukana umeshamjua. Mtoto akinyamaza, watu huanza kuulizana ni nani aliyefanya nini katika nyumba ile.

Halafu ugonjwa ukasambaa. Kila aliyesoma kitabu alipata sababu ya kumnyamazia mtu nyumbani. Mmoja alimnyamazia kaka yake, mwingine shangazi, mwingine aliwanyamazia wote pamoja na paka. Kisimani wasichana walikutana wakazungumza kama kasuku, kisha kila mmoja akarudi kwao na uso wa jiwe. Mimi pia nilijaribu, ingawa nilikuwa sijafikia zamu yangu ya kukisoma. Nilijua hadithi kwa kusimuliwa. Nilikaa kitandani usiku nikipima nani nimnyamazie na kwa kosa gani. Mama yangu hakuwa amenikosea kitu. Nikafikiri labda nimnyamazie kwa makosa ya baadaye. Nikafikiri tena, je, akiungua moto mimi nikiwa nimenyamaza? Asubuhi nilianza kwa uthabiti, nikanywa chai bila neno, na mama akauliza chumvi iko wapi, nami nikamjibu kabla sijakumbuka kwamba nimenyamaza. Hakuwahi kujua kwamba alikuwa ananyamaziwa.

Baba yake Bibiana ndiye aliyepeleka mashtaka shuleni. Alikuwa karani, mtu wa Kasai mwenye kola safi, na alijua Kifaransa. Alikuwa amekichukua kitabu juu ya uchaga kabla Bibiana hajakipokeza kwa mwingine, akasoma kurasa chache akiwa amesimama, zikamtosha. Alimwambia Mamère kwamba shule inawafundisha watoto kudharau wazazi, na inawafundisha kwa Kifaransa kizuri, jambo ambalo ni baya zaidi. Wazazi wengine wakaja nyuma yake. Mamère hakuwa mtu wa kukurupuka. Alikisoma kitabu chote kwa siku mbili, kisha akatuambia darasani, mbele ya Madamu Veronika, kwamba Jumapili baada ya misa atawaita wazazi wote, na kwamba, kama hakuna atakayemwonyesha sababu nyingine, rafu ya hadithi itafungwa. Tutabaki na katekisimu na kitabu cha upishi. Na Madamu angehamishiwa darasa la ushonaji, kwa kuwa, kama alivyosema Mamère kwa upole, anayechagua vitabu lazima ajue vinafanya nini ndani ya mtoto.

Madamu aliangalia dirishani. Mimi niliangalia rafu, nikaona kwamba zamu iliyokuwa inafuata ilikuwa yangu. Ningeweza kusema nilihuzunika kwa ajili ya Madamu, na ni kweli, lakini nilikuwa na miaka kumi na mitatu na huzuni kubwa zaidi ilikuwa kwamba sitajua mwisho wa Klara. Wenzangu waliokwisha kukisoma walikuwa wameapa kutonisimulia mwisho, kwa sababu walisema mwisho ule hausimuliki.

Jumapili ile wazazi walijaa barazani. Wanaume walisimama nyuma karibu na baiskeli zao, kama watu wanaotaka kuondoka wakati wowote. Wanawake walikaa mbele juu ya vigoda na mikeka, na kwa kuwa hawakuona sababu ya mikono kukaa bure, wengi walikuja na maharage ya kuchagua na uyoga wa kusafisha. Mamère alieleza jambo lote kwa Kiswahili chake cha misheni, kilichonyooka kama rula. Alisema kitabu kinamwonyesha mtoto asiyetii na hakimwambii kwamba anakosea. Vichwa vilikubali. Baba yake Bibiana akakubali kuliko wote. Ilionekana wazi kwamba mambo yangekwisha kabla mvua haijaanza. Ndipo mama yangu aliposimama. Hakuwa na elimu ya darasani, na hakuwa na kawaida ya kusema mbele ya watu. Nitayaandika maneno yake kama alivyoyasema, kwa Kiswahili cha kwetu, maana nikiyanyoosha yataonekana ya mtu mwingine.

"Mamère, muntu hawezi kukatiwa hukumu bila kusikiwa. Uyu Klara, nani kati yetu alimusikia?"

"Klara si mtu, Mama Stefania," alisema Mamère. "Ni hadithi."

"Njo vile," alijibu mama, yaani ndivyo hivyo. "Na batoto yetu banamufuata, ule mwenye haiko muntu. Basi batusomee. Tumusikie naye."

Watu walicheka, lakini wakageuka kumtazama Mamère, na ukweli ni kwamba hakuna aliyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Mamère akakubali. Sasa ikabaki nani asome. Wengi wa wazazi hawakujua Kifaransa, kwa hiyo msomaji alipaswa kusoma kimoyomoyo kwa Kifaransa na kusema kwa Kiswahili. Madamu hakuweza, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshtakiwa. Bibiana na wenzake walikuwa wamenyamaza. Mtu mmoja akasema achaguliwe mtoto ambaye bado anasema na wazazi wake, na macho yote yakanijia mimi. Hivyo ndivyo nilivyopata zamu yangu.

Tulidhani itakuwa kazi ya saa moja. Ilichukua Jumapili baada ya Jumapili mpaka karibu na Noeli. Nilikaa juu ya kiti cha Madamu, kitabu magotini, harufu ya samaki ikinipanda puani, na kila sentensi ilikuwa vita ndani yangu. Theluji niiseme vipi kwa watu wa shaba na joto? Nikisema fundi wa saa, wataona mtu maskini au tajiri? Na baya zaidi, nilijua mbele yangu wamekaa akina mama wa kambo watatu, na nilijua kwamba katika sura ya tatu linakuja neno moja ambalo Klara analisema kabla hajanyamaza kabisa. Nililiona neno lile kutoka kurasa mbili kabla, kama unavyoona ng'ombe katikati ya barabara. Nilifikiri nilipunguze makali. Nilifikiri niliruke. Nilifikiri niseme nimeumwa na tumbo.

Mvua ikaniokoa, au ndivyo nilivyodhani. Ilishuka ghafla juu ya bati kwa kishindo, ikanibidi nisome kwa kupiga kelele, na nikaona kwamba nikilisema neno lile ndani ya mvua nitakuwa nimelisema na hakuna aliyelisikia, na dhamiri yangu itakuwa safi pande zote mbili. Nikavuta pumzi, nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote, na papo hapo mvua ikakatika. Sauti yangu ikabaki peke yake katika baraza zima, ikafika mpaka kwenye lango: "Wewe si mama yangu, na hutakuwa."

Niliona mikono ya Mama Kapinga imesimama juu ya ungo wa maharage. Kisha ikaendelea.

"Na miye nilishaambiwaka ile," alisema, bila kuinua uso. "Na haikukuwa mu kitabu. Endelea, Stefania."

Kicheko kilichofuata sijakisahau. Walicheka wanawake, wakacheka wanaume kule nyuma, na hata mmoja wa masista aliziba mdomo kwa kitambaa. Kuanzia pale kitabu kilikuwa chao. Na hapa ndipo lilipotokea jambo ambalo Mamère hakulitegemea, wala mimi. Wazazi hawakukijadili kitabu hata kidogo. Walimjadili Klara. Hawakujua, au hawakujali, kwamba riwaya ni kitu cha kusomwa na kuachwa kama kilivyo. Waliifungua kesi yake kama wanavyofungua kesi ya nyumba yoyote ya mtaa, na shahidi wao nilikuwa mimi.

"Ngoja kwanza," aliuliza mama mmoja. "Nkambo yake iko wapi?" Nkambo ni babu au bibi, na kwetu msichana mwenye jambo la moyoni haendi kwa mama wala kwa baba. Huenda kwa bibi, ambaye anaruhusiwa kumtania, kumwita mke mwenza, na kusikia kila kitu bila kukasirika.

"Hajatajwa," nikajibu.

"Balikufa bote?"

"Kitabu hakisemi."

"Na shangazi?"

Nilipekua. Shangazi alikuwapo, katika mji mwingine, alituma soksi.

"Soksi," alisema mama yule, akawageukia wenzake polepole. "Mutoto hana wa kumuambia maneno, na ule anamutumia soksi."

Walimhukumu shangazi mchana ule wote. Jumapili iliyofuata walimhukumu baba, fundi wa saa, ambaye kila msichana aliponuna yeye alikwenda kufungua saa nyingine. Wanaume, ambao sasa walikuwa wameziacha baiskeli na kukaa, walijaribu kumtetea kwamba ni mtu wa kazi, lakini wake zao waliwatazama kwa namna ambayo iliwapunguzia maneno. Mama wa kambo wa Klara, kwa mshangao wangu, alipata watetezi wengi na wakali. Sisi wasichana tulisoma kitabu kizima bila kujiuliza yeye analala vipi. Mama Kapinga aliniomba nirudie ukurasa ambapo mwanamke yule anapika chakula alichokuwa anakipenda Klara, anakiweka mlangoni pa chumba cha juu, na asubuhi anakikuta vile vile kimeganda. Nikarudia. Akaniomba mara nyingine. Sikuthubutu kumtazama Bibiana, lakini nilijua amekaa karibu na nguzo, na kwamba haangalii mvua.

Jumapili ya mwisho tulifika ukurasa wa mwisho, na nikaelewa kwa nini wenzangu walisema hausimuliki. Alfajiri moja Klara anavaa koti, anashuka ngazi, anapita mlango wa chumba cha baba na mama wa kambo, anasimama hapo, mkono wake karibu na mlango. Hagongi. Anakwenda stesheni, anapanda treni, treni inaondoka. Mwisho.

"Halafu?" waliuliza.

"Imekwisha."

"Imekwishaje? Fungua karatasi ingine."

Niliwaonyesha karatasi iliyofuata, nyeupe. Ghasia ilitokea. Walisema mwandishi amekimbia kazi. Walisema kama alilipwa, arudishe. Mamère aliinuka, kwa sababu hilo lilikuwa hasa shitaka lake: kitabu kinampeleka mtoto mpaka stesheni na kumwacha huko. Alianza kusema kwamba sasa wazazi wameona wenyewe. Lakini hawakuwa wanamsikiliza. Walikuwa wanabishana nani angepaswa kumfuata Klara, baba au mama wa kambo, na kama treni ile ilikuwa inasimama njiani.

"Atashuka gare ya kwanza," alisema Mama Kapinga kwa sauti yake ya sokoni. "Ataenda wapi na tumbo mutupu?"

"Hatashuka. Alibeba mukate."

Sauti ilitoka karibu na nguzo. Ilikuwa ya Bibiana, imekwaruza kidogo, na ilikuwa imesema na Mama Kapinga. Baraza lote lililijua hilo mara moja. Baba yake alifungua kinywa. Ninamheshimu Mama Kapinga mpaka leo kwa alichofanya. Hakumkumbatia, hakumshukuru Mungu, hakugeuka hata kumtazama. Alitoa jiwe katika maharage, akalitupa uani.

"Mukate gani? Stefania hakusoma mukate."

"Alisoma Jumapili iliyopita. Mvua ilikuwa inapiga. Iko mu mufuko ya kabuti."

"Stefania, tafuta ule mukate."

Sijawahi kutafuta kitu kwa hofu namna ile. Nilipekua kurasa, nikiona maneno yote yamegeuka kuwa mchwa. Niliwaza, kama mkate haupo, Bibiana atanyamaza tena, rafu itafungwa, Madamu atashona mikoba mpaka uzeeni, na yote yatakuwa juu yangu. Nilirudi nyuma ukurasa mmoja, na mwingine. Mkate ulikuwapo, mstari wa chini kabisa: usiku kabla ya safari Klara anaufunga katika leso na kuutia mfukoni.

"Nusu mkate," nilisema.

"Nusu," alisema Mama Kapinga, akapima. "Basi atafika gare ya pili."

"Ya tatu," alisema Bibiana.

"Ya tatu, kama anakula kidogo."

"Anakula kidogo."

Wakaliacha hapo, kama watu wawili waliokubaliana bei. Mamère alikuwa bado amesimama. Aliwatazama wote wawili, kisha akauliza, kwa kuwa ndiye aliyeitisha mkutano na mkutano lazima ufungwe, ni nani bado anataka kitabu kile kiondolewe. Akamtazama aliyeshtaki. Baba yake Bibiana alirekebisha kola.

"Mamère, mimi nilisoma kurasa chache tu," alisema kwa Kiswahili cha ofisini.

"Na sasa?"

"Sasa nataka kujua kama yule baba alikwenda stesheni."

Rafu haikufungwa, na Madamu Veronika alibaki kwetu. Mamère aliweka sharti moja: msichana atakayechukua riwaya nyumbani ataisoma kwa sauti, angalau kurasa kadhaa, mbele ya mkubwa mmoja wa nyumba hiyo, na mkubwa huyo atakuja kumwambia Madamu ameonaje. Hata hivyo, aliondoa kitabu kimoja kingine, chembamba, chenye jalada la kijani, ambacho hakuna aliyekuwa amekigusa. Alikitia mkononi mwake akaenda nacho na hakueleza kitu. Nimefikiri juu ya kile kitabu cha kijani mara nyingi zaidi ya ninavyopaswa kukiri. Kulikuwa na nini ndani yake? Labda kilikuwa kibaya kweli. Labda alitaka tu kuonyesha kwamba bado ndiye mkuu. Labda alitaka kukisoma.

Sasa nimemaliza masomo ya ualimu, na ndio mwaka wangu wa kwanza darasani, huko Ruashi, pembezoni mwa mji, ambako nyumba ni mpya na miti bado ni mifupi kuliko watoto. Mkuu wa shule ameniambia nipitie riwaya zinazohusu vijana wenye matatizo na nimshauri zipi zifungiwe kabatini kwa ufunguo. Mtu mwingine angemaliza kwa jioni moja. Mimi nimeandika ushauri huo mara nyingi, na kila nilipoandika ndiyo nimeona sababu ya hapana. Siwezi kusema vitabu havimfanyi mtoto kitu. Nilikiona kitabu kimoja kikifunga vinywa vya darasa zima. Mamère hakuwa mjinga. Alijua kwamba neno lililochapishwa linaingia ndani ya msichana kwa mlango ambao mama yake haujui. Lakini nikikumbuka msimu ule, naona pia kwamba Klara hakumtia Bibiana huzuni. Alimkuta nayo. Kabla ya kitabu huzuni ile haikuwa na jina wala haikuwa na mahali pa kukaa, na hakuna mtu mzima ambaye angeweza kuiuliza habari. Baada ya kitabu watu wazima sitini walikuwa wanaibishania kwa sauti, wakidhani wanabishania treni.

Kilichobadilika ni usomaji wenyewe. Wasichana wangu wanajua Kifaransa kuliko nilivyokijua mimi, na wanasoma kimya, haraka, kila mmoja kitandani kwake. Wazazi wengi nao wanajua kusoma siku hizi, kwa hiyo hakuna anayemwomba mtoto amsomee. Wanasoma jina juu ya jalada, wanaona neno moja la kutisha, wanakuja shuleni. Zamani wazazi hawakuweza kukisoma kitabu, na kwa sababu hiyo wakakisikia chote. Nimejaribu kulipeleka wazo hili kwa mkuu wa shule. Aliniambia ni zuri, na akaniuliza tena kuhusu ufunguo.

Juzi alikuja mama mmoja, mkunga, bado amevaa nguo zake nyeupe za kazi, ameshika riwaya aliyoikuta chini ya mto wa binti yake. Alikuwa na hasira ya kistaarabu, ambayo mimi huiogopa kuliko ile nyingine. Alisema binti hasemi naye siku hizi na kitabu ndicho chanzo. Nilikuwa na hoja kumi kichwani na zote zikakwama mlangoni pamoja. Mwishowe nilimvutia kiti nikamwomba anisomee ukurasa anaouchukia. Akafungua, akasoma. Alisoma vizuri, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuamuru. Akafika mwisho wa ukurasa, akageuza wa pili, nadhani bila kujua. Nje kengele ilipigwa na watoto wakatoka, na yeye alikuwa bado anasoma, polepole zaidi, na sauti haikuwa tena ya kuamuru. Kisha akafunga kitabu juu ya kidole chake ili asipoteze mahali alipofika, akauliza kama anaweza kurudi nacho nyumbani.

Ni nakala moja tu tuliyo nayo. Wasichana wananiuliza kila asubuhi kiko wapi, na kila asubuhi nawaambia kiko kwa mama mmoja, bado anakisoma. Wananung'unika, wanasema mbona anachukua muda mrefu hivyo kwa kitabu kidogo vile. Nami, ninayeogopa kila kitu, najikuta namwomba Mungu mama yule asikirudishe upesi.